Abiria Aliyezidisha Kituo

Wenzangu wa meza ya Afrika Mashariki,

Siku ya kuniaga mliniomba niwaandikie kidogo habari za kazi, nami nikakubali haraka kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa biriani na sikuweza kubisha. Sasa nimekaa chumbani kwangu Discovery Gardens, masanduku yamefungwa, na mwenzangu wa chumba ameshaanza kuuliza nani atachukua kitanda cha dirishani. Ahadi ni deni. Habari za vyeo nitaziacha, mwenye kuzitaka atazikuta kwenye faili la ofisi. Nitaeleza namna tulivyofanya kazi, na kwa nini baadhi yenu mliniona nikiifanya kwa namna ya ajabu.

Nilianza Al Qusais, hapa Dubai, katika duka dogo la tiketi chini ya jengo la wafanyakazi. Uwanja wa ndege ulikuwa karibu mno. Ndege ikipita tulinyamaza wote, sisi na mteja, kisha kila mtu akaendelea na sentensi yake ilipokatikia. Wateja wa meza yetu walikuwa walinzi kutoka Jebel Ali, wahudumu wa hoteli, na zile familia za asili ya Unguja zilizokaa Ghuba tangu zamani, ambazo kila kiangazi huenda Ulaya kukimbia joto. Hizo familia zilimfuata mtu mmoja tu: Bi Zuwena.

Bi Zuwena alikuwa mwanamke mwembamba, mzaliwa wa Unguja, mwenye sauti ya chini ambayo ilikulazimisha usogeze kiti. Siku yangu ya kwanza nilikuja na kalamu mbili na hamu ya kugusa kompyuta. Akanipa hedifoni za ziada, zile za kusikiliza simu ya mwenzako.

"Kaa hapa, mwanangu. Leo huuzi kitu. Leo unasikiliza."

Mteja alikuwa mlinzi Mkenya aliyekuwa anakwenda kumwona dada yake, ndege hadi Zurich kisha treni mbili. Bi Zuwena alifumba macho, akaanza kumsafirisha kwa mdomo.

"Ndege imetua. Usisimame upesi, wanaosimama upesi wanasimama tu. Sasa mlango umefunguliwa. Unatembea, njia ndefu, vioo kushoto. Foleni ya pasipoti. Mkononi shika pasipoti, barua ya mwaliko na tiketi ya kurudi, usiviweke mkobani. Umepita. Mzigo wako umechelewa kidogo, usihangaike. Sasa fuata alama ya treni, teremka ngazi za umeme. Unasikia baridi? Hiyo ni stesheni."

Nikahisi baridi. Nilidhani ni kiyoyozi. Alipomaliza nikamwuliza, "Bi Zuwena, huko ulikaa miaka mingapi?"

"Miye? Miye treni nimepanda hii ya hapa tu, kutoka Qusais hadi stesheni ya Union. Na siku hiyo nilipitiliza."

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba mwalimu wangu hajawahi kukanyaga Ulaya. Mimi pia hadi leo sijafika. Nimepeleka watu wengi mno katika stesheni ambazo singezitambua hata nikiamka ndani yake.

Mambo ya msingi mnayajua, lakini nayarudia, maana ndiyo yanayosahaulika. Treni haisubiri ndege. Tiketi za bei nafuu hufunguliwa miezi kadhaa kabla, na mteja akiziona hufurahi, atataka kuzinunua zote hapo hapo. Mwelezeni taratibu kwamba tiketi ya namna hiyo imefungwa kwa treni moja tu. Ndege ikichelewa, treni ile inaondoka na tiketi inakufa. Ndege na treni zikinunuliwa mbalimbali, mwenye ndege hamjui mwenye treni, na hakuna atakayemwonea abiria huruma. Kwa hiyo treni ya kwanza baada ya kutua mwuzieni tiketi ya wazi, ya kupanda treni yoyote siku hiyo. Zile za mbele ndizo zinunuliwe mapema kwa bei nzuri. Penye tiketi moja inayobeba ndege na treni pamoja, chukueni hiyo, kwani hapo kuchelewa kunakuwa mzigo wa aliyeuza.

Soma jina la stesheni mpaka mwisho. Mji mmoja unaweza kuwa na stesheni tano zinazoanza kwa jina lile lile, na abiria wetu husoma neno la kwanza tu, kama tunavyosoma majina ya jamaa. Usiamini pia muda wa kubadilisha treni kwa sababu tu mashine imeukubali. Kompyuta inajua treni inaondoka lini, lakini haijui goti la mama mwenye umri wa miaka sabini.

Halafu kuna treni zinazokatwa. Hili huwashangaza wote. Treni moja ndefu inaondoka na abiria wake, inafika stesheni fulani, inakatwa katikati. Mabehewa ya mbele yanakwenda upande wao, ya nyuma upande wao. Umekaa na mwenzako mmetenganishwa na mlango tu, yeye analala nchi nyingine. Kwa treni za namna hiyo namba ya behewa ni muhimu kuliko ya kiti. Mwambieni mteja mara tatu.

Lakini kazi yenyewe, kwa Bi Zuwena, haikuwa hayo. Kazi yenyewe ilikuwa kurudisha. Ukishamsafirisha mteja kwa mdomo, yeye naye anakurudishia safari yote kwa mdomo wake, hatua kwa hatua, na wewe unasikiliza anaporuka. Hakuna ambaye haruki. Injinia mmoja, mtu wa maana sana, kila aliporudisha alisema, "Natoka kwenye ndege, napanda treni." Foleni ya pasipoti aliiruka. Nikamrekebisha, akacheka, akaruka tena. Siku ya safari akaachwa na treni akiwa kwenye foleni ile ile. Mtu huruka pale ambapo roho yake haijafika, ndivyo Bi Zuwena alivyosema, na hapo ndipo atakapokwama.

Wakati mwingine Bi Zuwena alisema mambo ambayo hayakuwa kwenye skrini yoyote. Siku moja alimwambia mama mmoja, "Kulia kwako yupo mwanamke anauza maua, ndoo yake ya buluu." Yule mama akapiga simu kutoka huko huko akicheka, ameiona ndoo. Nikamwuliza Bi Zuwena amejuaje. Alikuwa anakunywa chai ya tangawizi.

"Ukimsafirisha mtu vizuri, sauti yako inamtangulia. Inafika kabla yake."

"Inafika wapi?"

"Huko. Ndiyo maana tunarudisha. Yeye akikurudishia safari, na sauti yako inarudi. Ukiiacha huko, hujui itazungumza na nani."

Nilidhani ni mzaha wa kizee. Miaka ikapita, nikajifunza kufumba macho nami. Wateja wakaanza kuniulizia kwa jina, dada Rehema, yule mwenye sauti ya kumlaza mtoto. Kariuki akaja kutoka Nakuru, akakaa meza ya pili. Yeye aliuza tiketi kama anayegawa karanga. "Sister, wewe unawapikia wali, mimi nawapa mkate," aliniambia. "Wote wanafika." Bi Zuwena akawa anakuja siku chache tu, akikaa nyuma yetu na chai yake.

Ndipo akaja Nakato.

Nakato alikuwa yaya Mganda katika nyumba ya familia moja kati ya zile za Bi Zuwena. Madam wake na watoto wawili wadogo walikuwa wametangulia Ulaya, katika nyumba waliyokodi kando ya ziwa. Viza ya Nakato ilichelewa, sasa imetoka, na angesafiri peke yake kwa mara ya kwanza maishani: ndege hadi Zurich, treni hadi mji mkubwa, kisha treni ya pili, ya kukatwa, mabehewa ya mbele yanakwenda ziwani. Viza ile ilisimama juu ya jina la madam. Akipotea huko kabla ya kumfikia, angekuwa mgeni asiye na lugha, asiye na mwenyeji, na pesa ya soda mfukoni. Hilo alilijua. Alipiga goti kidogo kunisalimia, kama Waganda wanavyomsalimu mtu wa heshima, akaniita nyabo, yaani bibi.

Nikamsafirisha. Nilifanya kazi nzuri siku ile, nasema bila aibu. Hata Kariuki aliacha kutafuna. Kisha nikamwambia, "Haya, mama, nirudishie."

Akafumba macho bila kuambiwa.

"Ndege inatua. Sisimami haraka. Natembea, foleni ya pasipoti, karatasi ziko mkononi. Nachukua mzigo. Nateremka ngazi za umeme, treni ya kwanza. Natoka kule mji mkubwa. Napanda treni ya pili, behewa la mbele, si la nyuma. Treni inakatwa. Halafu inasimama pale penye taa moja. Wananiita nishuke. Nakaa, sishuki. Halafu ni ziwani, madam ananingoja."

Hakuruka hata hatua. Katika miaka yangu yote alikuwa wa kwanza. Nikatabasamu.

"Vizuri sana. Ila hapo katikati umeongeza. Hakuna kituo chenye taa moja. Ikishakatwa, ni moja kwa moja hadi ziwani."

Akafumbua macho. "Lakini nyabo, si wewe umenisomea?"

"Mimi?"

"Wewe. Umesema, wataniita nishuke, na mimi nikae."

Nikamgeukia Kariuki. "Nimesema hivyo?"

"Sijui, sister. Nilikuwa nakusikia tu, sikuwa naskiza maneno."

Nikamsomea upya, safari hii macho wazi, nikilisikia kila neno linalonitoka. Hakukuwa na taa wala kituo. Nakato akarudisha, na alipofika pale pale, taa ikatoka tena mdomoni mwake. Akauziba mdomo kwa kiganja.

"Nyabo, inatoka yenyewe."

Nyuma yetu kikombe kiliwekwa mezani. Bi Zuwena alikuwa amesimama, akiurekebisha mtandio wake ambao haukuwa na kasoro.

"Wanaoruka nimewaona wengi," alisema. "Anayezidisha sijapata kumwona. Mwache na kituo chake, Rehema. Usikitoe."

"Bi Zuwena, akikaa kwenye treni mahali anapotakiwa kushuka je? Huyu akipotea huko hana mtu."

"Wewe umemwandikia kituo hapo?"

"Hapana."

"Basi hapo hatakiwi kushuka. Yalla, mpe tiketi yake."

Nikampa. Nakato alizikunja karatasi vizuri, akasimama, akafikiri kidogo.

"Nyabo, hao wataniitaje? Mimi sijui lugha yao."

Ndege ilikuwa inapita.

Mnajua desturi yetu: msafiri wa mara ya kwanza tunamfuata kwenye skrini mpaka afike. Siku ya Nakato ilikuwa katikati ya Agosti, barabara nje nyeupe kwa joto, dukani hakuna mteja, Bi Zuwena amekaa nyuma yetu na chai yake. Ndege yake ilitua vizuri. Akapita pasipoti, akatuma picha ya viatu vyake vikiwa stesheni, Kariuki akacheka. Akapanda treni ya pili, akatuma picha ya namba ya behewa. La mbele. Treni ikakatwa. Kwenye ramani ya skrini kile kidoti cha upande wa ziwa kikaanza kutembea, nami nikainuka kwenda kujitilia chai. Alasiri ya kawaida kabisa.

Simu ya meza ikalia.

"Nyabo," alisema Nakato, "tumefika pale."

"Pale wapi?"

"Penye taa."

Nikarudi kwenye skrini. Kidoti kilikuwa kinatembea. Treni haikuchelewa, na kituo kinachofuata kilikuwa ziwani.

"Nakato, treni inakwenda?"

"Imesimama. Imesimama kabisa, hakuna hata mlio."

"Nje kuna nini?"

"Majani. Jukwaa dogo. Taa moja imewashwa na bado ni mchana."

"Soma ubao wa kituo."

"Ubao upo. Hauna maandishi."

Nilikuwa bado mtulivu. Kazi hii inakufundisha kwamba karibu kila cha ajabu kina maelezo ya kuchosha. Nikamweleza polepole: huenda treni imepata hitilafu, hutokea, watu huteremshwa wakapandishwa basi. Nikamwuliza abiria wengine wanafanya nini.

"Wanashuka. Wote, nyabo. Hawabebi mizigo. Mzee aliyekaa mbele yangu ameacha mpaka koti."

Kariuki akavaa zile hedifoni za ziada, akazichomeka kwenye laini yangu.

"Umesikia tangazo lolote?"

"Nimesikia."

"Limesemaje?"

"Limesema, sasa shuka, mama, umefika."

"Kwa lugha gani?"

"Kiswahili, nyabo. Ni wewe."

Ndipo nikasikia mwenyewe. Nyuma ya pumzi zake, mbali, kama mtu anayesema ndani ya ukumbi mtupu, ilikuwa sauti yangu. Kila mtu hudhani hawezi kuitambua sauti yake mwenyewe. Mtaitambua. Ilikuwa na ule mvuto wa mwisho wa neno "mama" ambao wenzangu wa chumba wamenitania nao miaka yote. *Shuka, mama. Umefika. Usiogope.*

"Nakato, usishuke," nikasema.

"Ndiyo, nyabo." Kisha, kwa sauti ndogo, "Lakini huyo wa nje naye ni wewe. Nitajuaje wa kweli ni wa simu?"

"Mimi ni Rehema. Niko Al Qusais, dukani."

*Mimi ni Rehema,* ikasema ile ya nje. *Niko Al Qusais, dukani.*

"Nakato, sikiliza..."

*Nakato, sikiliza,* ilikuwa imeshasema. Safari hii haikunifuata. Ilinitangulia. Nilifungua mdomo kutafuta neno jingine, neno lolote ambalo lingekuwa langu peke yangu, na kabla sijalipata nilisikia linatamkwa upande wa pili. Nikasikia pia mlio wa mkanda wa mkoba. Nakato alikuwa anasimama.

Kiganja kikanifunika mdomo. Kilikuwa kikavu, kinanuka tangawizi. Bi Zuwena alikuwa amekuja nyuma yangu bila kiatu kugonga sakafu.

"Usimpe maneno tena huyo wa nje," alininong'oneza sikioni. "Anajishibisha kwako." Akamtazama Kariuki. "Wewe. Mwambie arudishe."

Kariuki alivuta mkono wa simu, akawasha spika.

"Nakato. Ni Kariuki, yule wa meza ya pili. Kaa chini kwanza. Umekaa? Sasa turudishie safari. Yote. Anza ndege."

Nikasikia akikaa. Halafu sauti ya Nakato, nyembamba, kama mtoto anayesoma mbele ya darasa.

"Ndege inatua. Sisimami haraka."

*Ndege inatua,* ikasema sauti yangu kule nje, pamoja naye. *Sisimami haraka.*

Wakaenda hivyo wote wawili, bega kwa bega. Foleni ya pasipoti, mzigo, ngazi za umeme. Nilikuwa nimekaa chini ya kiganja cha Bi Zuwena, sisemi, na nilikuwa najisikia nikisema. Treni ya kwanza. Mji mkubwa. Behewa la mbele, si la nyuma. Treni inakatwa.

"Halafu inasimama pale penye taa moja," akasema Nakato. "Wananiita nishuke. Nakaa, sishuki."

*Halafu inasimama pale penye taa moja,* ikasema ile sauti. *Wananiita. Nashuka.*

Ikaruka. Tuliisikia sote wanne. Nakato naye aliisikia, maana alivuta pumzi, na aliposema tena alisema kwa nguvu, na safari hii alikuwa peke yake.

"Nakaa, sishuki. Nakaa, sishuki."

"Hivyo hivyo," Kariuki akasema. "Endelea hivyo hivyo, dada."

Sijui iliendelea muda gani. Kisha nikasikia milango ikifungwa, chuma kikikwaruza chuma, na ule mlio mzuri wa kawaida wa treni inayokwenda. Kariuki hakukata simu. Alimwuliza habari za Kampala, timu anayoshabikia, kama madam anajua kupika matoke. Mwishoni tukasikia watoto wakipiga kelele jukwaani, na sauti ya mwanamke: "Nakato! Huku, huku! Mbona umenuna hivyo?"

Bi Zuwena akaondoa mkono wake. Kwenye skrini, treni ya ziwani ilikuwa imefika kwa wakati wake. Haikuwa imesimama mahali popote.

Simu zetu hurekodiwa, kama mnavyojua. Kesho yake Kariuki aliisikiliza ile rekodi. "Hii ni mwangwi wa laini tu, sister," aliniambia mwanzoni, na nilitaka sana iwe hivyo. Nikamwona anaendelea, anafika pale ambapo mwangwi unasema kabla ya mwenye sauti. Akavua hedifoni, akaziweka mezani kwa uangalifu kama kitu kinachoweza kuamka.

"Khalas. Mimi siskizi tena."

Meneja, ambaye kwetu alikuwa sir na kwa mke wake sijui alikuwa nani, aliandika malalamiko kwa watu wa simu. Wakajibu kwamba laini ni nzima, na kwamba tunathaminiwa kama wateja.

Nakato alirudi Dubai na familia mwisho wa likizo, akatuletea chokoleti. Tulimwuliza kuhusu wale walioshuka. Alisema treni ilipoanza kwenda tena aligeuza kichwa, na behewa lilikuwa limejaa kama mwanzo. Mzee wa mbele alikuwa kwenye kiti chake, koti limemfunika mpaka kidevuni, amelala.

"Na wengine?"

"Wote wamelala, nyabo. Kila mtu. Mimi tu ndiye nilikuwa macho."

Kama aliota, sisi tuliokuwa macho Al Qusais tulisikia ndoto yake, na mmoja wetu alikuwa anasema ndani yake. Zaidi ya hapo sijui, na sitajifanya najua. Tangu siku ile sijamsafirisha mteja kwa mdomo wangu. Ninyi niliowafundisha mlidhani ni mbinu ya ualimu: naweka karatasi mbele ya mteja, yeye anasoma mwenyewe kwa sauti yake, mimi natikisa kichwa na kuonyesha kwa kidole aliporuka. Baadhi yenu mliiga, na ni njia nzuri, watu hufika. Ifanyeni. Mkipenda kusoma wenyewe, someni, sauti zenu bado ni changa na hazijazoea njia. Lakini mteja asiondoke kabla hajarudisha, hata kama nje foleni imefika mlangoni. Na siku mkimpata wa kuzidisha, msimsahihishe.

Kiangazi kilichofuata madam aliagiza safari ile ile. Nakato akaja mwenyewe dukani, amenenepa kidogo, amevaa saa. Aliniinamia, akanishika mikono yote miwili, akaniuliza habari za nyumbani na za kazi. Nikamvutia kiti kwenye meza yangu. Hakukaa.

"Nyabo, usinikasirikie," alisema. "Safari hii naomba nisomewe na kaka Kariuki."

"Sijakasirika, mama," nikataka kusema. Nilivuta kile kiti mpaka meza ya pili.

Kariuki akamsomea. Ana sauti ya kukwaruza, anachanganya Kiingereza na Kiswahili, anakohoa katikati ya stesheni, na hakuna mtu angehisi baridi yoyote. Nakato alirudisha safari yote akikunja vidole kimoja kimoja. Hakuruka, hakuzidisha. Alichukua tiketi yake, akafika mlangoni, akageuka kunitazama, kama mtu anayesubiri kuambiwa kitu na kuogopa kuambiwa.

Nikampungia mkono.